Nati ya Nane

Kwenye kiwanda cha sukari mwaka una misimu miwili tu: msimu wa kusaga na msimu wa kufungua. Masika yakishika, malori hayapiti mashambani, miwa haiji, kinu kinazimwa, na sisi wa karakana ndiyo kwanza tunaanza. Ni miezi miwili mitatu ya kufungua kila kilichofungwa. Nimeishi hivyo misimu kumi na minne. Kiwanda sikitaji, walionilipa mshahara hawanidai hadithi. Ila ukiniuliza fundi mitambo anafanya kazi gani hasa, nitakujibu kwamba analegeza. Kukaza nati ni dakika tano. Kuilegeza ile ile, mvua mbili baadaye, kunaweza kula wiki.

Juisi ya miwa ina uchachu, na kinu kinaporusha juisi hakichagui pa kurushia. Inakauka inakuwa gundi, maji ya kuoshea yanaipitia, inalowa, inakauka tena. Msimu ukiisha, bolti na fremu zina rangi moja, huoni nati inaishia wapi. Na kutu, tofauti na watu wanavyodhani, si uchafu uliokaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka, na kikishageuka kinanenepa, kinataka nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa. Baina ya nyuzi za bolti, yale meno yanayoizunguka, na nyuzi za nati hiyo nafasi haipo. Basi kinajibana humo humo.

Ninayoisimulia leo ilikuwa kwenye kinu cha tatu, kepu ya beringi ya rola ya juu, yaani kifuniko kinachoishikilia beringi mahali pake. Kinu ni cha kale, kibao chake cha shaba kimeandikwa Glasgow, mji uliotengenezea mitambo ya sukari karibu kila koloni la Mwingereza lililokuwa na miwa. Kepu ile ilishikwa na bolti nane za inchi moja, nati zake upande wa nje. Msimu mzima ilikuwa inagonga. Miwa ikiingia kwa wingi, rola inapanda, unasikia ngo, ngo, kama mtu anabisha hodi kwa adabu. Foremani akaiandika kwenye daftari: ifunguliwe ya kwanza.

Nati saba zilitoka siku moja. Ya nane ikakataa.

Nilikuwa na nguvu wakati ule, na mwenye nguvu ana dawa moja tu ya nati iliyokataa. Anaweka spana, anachomeka bomba kwenye mkono wa spana, anakwenda mwisho wa bomba, anajining'iniza. Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Mtu wa kilo 80 kwenye mwisho wa bomba la mita moja na nusu anazungusha kwa karibu Nyutoni-mita 1,200, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Bolti ya milimita 16, ya daraja la uimara 8.8, ambayo ndiyo unaikuta kila mahali kwenye mitambo, hukazwa kwa takriban 200. Maana yake ni kwamba ukilalia bomba lako hujui unafungua au unakata, na sikio litakwambia baada ya jambo kutokea. Bolti ikikatika inatoa mlio mmoja mfupi mkavu, halafu karakana nzima inanyamaza, halafu mtu mmoja anacheka.

Karakana yetu ilikuwa na mzee tuliyemwita Babu, ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu. Alinikuta nimeshachomeka bomba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako kwenye bomba.

"Hilo likishindwa litakuacha wapi?"

Sikuelewa swali.

"Nauliza, hiyo bolti ikikatika ndani, kesho utaishika na nini?"

Nimesikia mafundi wengi wakiulizwa chombo gani kina nguvu zaidi. Babu peke yake ndiye niliyemsikia akipanga vyombo kwa kile vinachokuachia vikishindwa. Mafuta yakishindwa yanakuacha pale pale ulipokuwa, na siku moja imepotea. Nyundo ikishindwa unabaki na alama za nyundo. Moto ukishindwa unabaki na bolti iliyolainika. Bomba likishindwa unabaki na kisiki, bolti iliyokatikia ndani. Na ile dude inayoitwa iziauti, ya kung'olea kisiki, ikishindwa, unabaki na kilio. Kwa hiyo unaanza na kile ambacho kushindwa kwake hakukugharimu kitu, hata kama mkono unawasha. Tangu siku ile ndivyo ninavyopanga sanduku langu, na vijana wanaonifuata wananiona mvivu.

Tukaanza na brashi ya waya. Hatua hii wengi wanairuka, wanamwaga mafuta juu ya kutu na gundi ya sukari halafu wanashangaa hayapenyi. Mafuta yanaingia kwenye ufa mwembamba yenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, lakini sharti mdomo wa ufa uwe wazi. Ukishausugua ukauona ule mstari mweusi kati ya nati na bolti, hapo ndipo pa kutia, kidogo kidogo, asubuhi na jioni.

Kuhusu mafuta gani, mafundi wanaweza kugombana mpaka chai ikapoa. Wapo wa dizeli, wapo wa mafuta ya breki. Wapo wanaochanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mchanganyiko ambao kwa kweli unafanya kazi ila unajitenga ukiuacha, lazima utikise kila mara, na usiusogeze karibu na moto. Wapo wa soda. Soda ya kola ina asidi ya fosfori kweli, lakini kidogo mno, na sukari yake sisi tulikuwa nayo ya kutosha. Na wapo wa WD-40, ambayo ina historia ninayoipenda: ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kuzuia kutu kwenye ngozi ya makombora ya Atlas, na jina lake ni Water Displacement, yaani kufukuza maji, jaribio la 40. Ilizaliwa kufukuza maji, kung'oa bolti ni kazi ya pembeni. Inasaidia, lakini yapo mafuta ya kupenyeza yaliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, nayo yanaishinda. Babu alitumia chochote kilichokuwepo. Alichokuwa hana mchezo nacho ni muda.

Halafu nyundo. Si kugonga spana, kugonga bolti. Unapiga kichwa cha bolti kwa mhimili wake, mapigo makavu, si mazito, ili mshtuko upite kwenye nyuzi na kuvunja ule unga wa kutu. Kisha nati yenyewe: nyundo nzito unaiegemeza ubavu mmoja, nyepesi unapiga ubavu wa pili, unazunguka pande zote sita. Nati inabanwa, inaachia, inabanwa. Ukimaliza, unatia mafuta tena.

Kwa spana, kama lazima uigonge, basi iwe ile fupi nene iliyotengenezwa kugongwa, yenye mkono kama kisigino. Spana ya kawaida inayong'aa ni ngumu, na ugumu huo ukikutana na nyundo ngumu hutoa kibanzi. Kuna kijana alikuwa nasi, alipigwa na kibanzi cha namna hiyo chini ya jicho, kidole kimoja tu kutoka kwenye mboni. Hakikutoka kwenye spana hata, kilitoka kwenye tindo iliyochanua kichwa kama uyoga kwa kugongwa miaka. Tangu hapo tindo ya hivyo nikiiona ya mtu yeyote naipeleka kwenye grainda bila kumwuliza.

Siku mbili zikapita. Nati ya nane haikusogea hata unywele. Kibaya zaidi, spana yetu ilikuwa inacheza juu yake. Bolti za kinu kile ni za Whitworth, yule bwana Joseph Whitworth aliyewapangia Waingereza nyuzi za bolti mwaka 1841, na spana zake zina ukaidi wa aina yake: namba iliyoandikwa haikwambii upana wa mdomo, inakwambia unene wa bolti. Spana iliyoandikwa inchi moja ina mdomo wa milimita 42.4. Ukijaribu spana za milimita, ya 41 haiingii na ya 46 inapwaya. Ndiyo maana nikienda Dar es Salaam lazima nipite eneo la Gerezani kwenye vyuma chakavu, ambako spana hizi zinauzwa kwa kilo na mtu asiyejua ni kitu gani. Sisi tulikuwa nayo halali kabisa, ya inchi moja, na kwenye zile nati saba ilikaa kama kofia. Kwenye ya nane ilipwaya.

"Imelika," nikasema. Wote tukakubaliana kwamba imelika. Kutu imeila.

Tukaleta gesi.

Moto ni chombo kizuri na watu wanautumia vibaya. Unaipasha nati, bolti unaiacha. Chuma kikiongezeka joto kwa nyuzijoto 250, tundu la inchi moja linapanuka kwa sehemu saba na kitu za mia moja za milimita, karibu unene wa unywele. Inaonekana ni ndogo, lakini kutu iliyoshika ni nyembamba hivyo hivyo. Ukiichelewesha, joto linahamia kwenye bolti nayo inapanuka, mmerudi mlipokuwa. Kwa hiyo ni moto mkali wa haraka, pande zote, halafu unaachia. Babu alikuwa na bonge la nta ya nyuki mfukoni mwa ovaroli, limefungwa kwenye gazeti. Nati ilipoanza kubadilika rangi alizima torchi, akasubiri kidogo, akaisugua nta mdomoni mwa nyuzi. Nta ikayeyuka, ikanywewa ndani. Harufu yake ilikuwa tamu kiasi cha kukufanya usahau ulipo. Mshumaa wa dukani nao unafaa.

Masharti ya moto nayataja haraka lakini kwa uzito. Kwenye kiwanda chetu makapi ya miwa yamejaa kila kona na yanashika moto kimyakimya, ndoo ya maji iwe miguuni. Nati iliyopakwa zinki ikipashwa inatoa moshi mweupe, ukiuvuta, usiku unatetemeka na homa utakayodhani ni malaria. Bolti ngumu ikishawekwa wekundu, itupe, ugumu wake umekwenda. Na wale wa magreda na mashine za mgodini: usipeleke torchi wala kuchomelea kwenye nati za gurudumu ambalo tairi yake ina upepo. Mpira unaungua kwa ndani bila wewe kuona, gesi inajaa, tairi inalipuka kama bomu. Kuitoa upepo tu hakutoshi. Tairi inatoka kwenye rimu kwanza.

Tulipasha mara tatu. Haikutoka. Na zamu ya usiku, wakitaka kutusaidia, wakaja na renchi ya mabomba, ile yenye meno, wakaongeza bomba letu la mita moja na nusu. Asubuhi tukakuta nati ya mviringo. Kona zote sita zimefutika, inang'aa kama pete.

Nitoke nje ya hadithi kidogo, maana hapa ndipo wasomaji wa blogu hii huniandikia wakiuliza: mbona hamkutumia kile, mbona hamkutumia hiki. Nimefika baadaye kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa, nikaona kazi inavyofanywa na wenye pesa. Wana kizidishi, kikopo chenye gia ndani, unazungusha kwa mkono kwa nguvu ya kawaida na upande wa pili inatoka mara tano au zaidi. Wana spana ya haidroliki inayoendeshwa na pampu ya shinikizo la baa 700, haina kelele wala mtikisiko, inasukuma tu kama ng'ombe, na ukiweka kidole kati ya mkono wake na mahali inapoegemea, kidole hicho umeshakiaga. Wana kipasua nati, pete yenye kisu ndani, unapampu, nati inapasuka kama korosho na bolti inabaki salama. Vizuri vyote, ila vyote ni vya nati yenye kona au yenye nafasi ya kutosha pembeni. Na vyote vinajibu swali la nguvu, wakati sisi shida yetu haikuwa nguvu, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu iziauti, ile skrubu ya nyuzi za kinyume unayoizungusha ndani ya kisiki baada ya kukitoboa: inauzwa kila duka, na mimi sina. Ni chuma kigumu sana na chembamba, kimekusudiwa kutoa kitu kilichoshinda chuma kinene. Kikikatika ndani hakuna biti ya kawaida itakayokitoboa. Kwa kisiki naweka washa juu yake, nachomelea katikati, juu ya washa naweka nati, nachomelea tena. Joto la kuchomelea linapanua kisiki, kikipoa kinasinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakovunja kutu. Unaingoja ipoe mpaka unaweza kuishika, kisha unaizungusha mbele nyuma, mbele nyuma, bila haraka. Ethi yako, ule waya wa kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea, ibane karibu na hapo unapochomelea. Nimemwona mtu ameibana upande wa pili wa mashine, umeme ukapita kwenye beringi, gololi zikatoboka vidoti vidoti. Kisiki kilitoka. Beringi ilifuata mwezi huo huo.

Turudi. Nati yetu ilikuwa ya mviringo na kepu ilikuwa inasubiriwa. Babu akasema ikatwe. Nilichukua grainda yenye diski nyembamba, nikachora mfereji kwenye ubavu mmoja wa nati, sambamba na bolti, nikaenda taratibu nikitazama rangi ya chini. Ukikaribia nyuzi, mstari unaonekana kabla hujazigusa, kivuli chembamba kinachopita mshazari. Hapo unaacha. Upande wa pili mfereji mwingine. Kisha tindo kwenye mfereji, pigo moja, mbili, la tatu nati ikaachia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anafungua dirisha. Vipande viwili vikaanguka kwenye ndoo.

Babu akaviokota. Akaviosha kwa dizeli, akavifuta kwa kitambaa, akatoa kalipa. Alipima nusu ya nati kutoka ubavu mpaka katikati, akazidisha. Akaangalia kichwa cha bolti, akakipima nacho.

"Kichwa 42 na kitu," akasema. "Nati 38."

Nikasema tena kutu.

"Kutu ilikula milimita nne na ushee? Sawasawa, pande zote sita?"

Akanipa kile kipande nikitazame ndani. Nyuzi zake hazikuwa na kutu nyingi. Zilikuwa zimechubuka, zimesukumana, ncha zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mafuriko. Nati hiyo haikuwa ya Whitworth. Mmarekani naye alikuwa na mtu wake, William Sellers wa Philadelphia, aliyependekeza nyuzi zake mwaka 1864, na pembe ya jino lake ni digrii 60. Ya Whitworth ni 55. Kwenye inchi moja wote wawili wana nyuzi 8 kwa kila inchi, kwa hiyo nati ya mmoja inapanda kwenye bolti ya mwingine. Inapanda kwa shida, lakini inapanda. Ubavu kwa ubavu hazilingani, zinagusana kwenye mstari mwembamba na kung'atana. Waingereza, Wamarekani na Wakanada walikuja kukubaliana nyuzi za pamoja mwaka 1948, baada ya vita kuwafundisha gharama ya kutosikilizana. Kinu chetu cha Glasgow hakikualikwa kwenye kikao hicho. Nati ya kawaida ya Kimarekani ya inchi moja ina upana wa inchi moja na nusu, yaani milimita 38.

Na hapo ndipo kule kugonga kwa msimu mzima kukaeleweka. Unapokaza nati nzuri, iliyo safi, karibu nusu ya nguvu yako inaliwa na msuguano chini ya nati, nyingine asilimia 40 hivi inaliwa na nyuzi, na kinachobaki kuivuta bolti na kubana kitu ni asilimia 10 tu. Nati inayong'ata nyuzi inakula na hiyo kumi. Mkono unasikia imekaza, imekaza kweli, spana inalia. Kepu haijabanwa. Ya nane ilikuwa ngumu kuliko zote na ndiyo pekee iliyokuwa haifanyi kazi, na bila shaka za jirani yake zilibeba mzigo wake.

Babu akaomba daftari la matengenezo. Misimu miwili nyuma, kinu cha tatu, kepu ya rola ya juu: nati moja imebadilishwa, ya zamani ilipotea. Chini yake saini. Nilikuwa ndiyo kwanza nina miezi mitano kazini, na saini yangu wakati ule ilikuwa na mkia mrefu, nilijifunza kwa mwalimu mkuu. Nilikumbuka yote. Stoo walinipa nati ya inchi moja kwa sababu niliomba nati ya inchi moja. Niliikaza kwa spana malaya, samahani kwa jina, si mimi niliyeipa, ile inayojifungua kwa ukubwa wowote. Ukiwa nayo huwezi kujua nati ina upana gani maana inakubali zote. Na nilikumbuka kwamba ilipanda kwa shida, nikaongeza bomba.

Babu hakunisema. Alifungua gazeti akarudisha bonge lake la nta.

"Uliandikisha ngapi stoo?"

"Moja," nikasema. "Ila walikuwa na pakiti nzima. Kumi na mbili."

"Nenda kazilete zote."

Nilikwenda. Mtu wa stoo alipekua rafu ya chini akaitoa pakiti, imelegea, ina vumbi. Nikazimwaga kwenye kaunta nikahesabu, nikahesabu tena. Zilikuwa saba. Nilirudi nazo kwenye kofia yangu ya kazi, Babu akazihesabu kwa macho, akachukua kalipa, akanipa mimi torchi, tukaanza na kinu cha kwanza.